Mji Uliojengwa kwa Kauli ya Kutendeka: Jina, Baraza na Gereza katika *Kusadikika*

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna Shaaban Robert alivyoijenga nchi ya kubuni katika *Kusadikika*, kazi iliyochapishwa mwaka 1951. Msomaji anayetafuta nyumba na mitaa ya nchi hiyo huambulia machache. Hoja ya makala ni kwamba uchache huo si udhaifu wa ubunifu. Kusadikika imejengwa kwa maumbo ya lugha: jina lake ni kitenzi-jina katika kauli ya kutendeka, mipaka yake ni pepo, jengo lake kuu ni baraza, na wakazi wa gereza lake wana majina yanayotaja yale ambayo haki haiwezi kusimama bila ya kuwa nayo. Kwa njia hiyo mandhari na maisha ya kiraia huwa kitu kimoja.

1.0 Utangulizi

Kuna namna mbili kuu za kuujenga mji katika fasihi. Namna ya kwanza huanza na mawe: kuta, milango, taa, vyombo na bustani, kisha watu huingizwa ndani yake. Namna ya pili huanza na kanuni: nani anatawala, nani anaruhusiwa kusema, na nani hufungwa akisema. Katika Kiswahili, mfano mashuhuri wa namna ya kwanza ni *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, utenzi wa mwanzoni mwa karne ya 19 unaouzungumzia mji halisi wa Pate baada ya fahari yake kuporomoka. Mfano wa namna ya pili ni *Kusadikika*.

Shaaban Robert anaiita Kusadikika nchi, wala si mji. Hata hivyo, simulizi lake kuu limefungwa mahali pamoja, mbele ya mfalme na washauri wake, pale Karama anaposhtakiwa na Majivuno kwa kosa la kutaka kuifundisha sheria. Safari za mbali zinazosimuliwa humo hufika kwa msomaji kupitia kinywa cha mshtakiwa akiwa barazani. Kwa sababu hiyo neno "mji" linatumika hapa kwa maana ya kitovu hicho cha maisha ya kiraia, mahali ambapo mamlaka na raia hukutana ana kwa ana.

Swali linaloongoza makala ni hili: ikiwa Kusadikika haina mitaa inayoonekana, msomaji anajuaje kwamba yumo ndani yake?

2.0 Jina kama msingi wa jengo

Kusadikika ni kitenzi-jina kilichotokana na kitenzi *sadiki*, chenye asili ya Kiarabu. Kiambishi *ku-* hukifanya kitenzi kiwe jina, na kiambishi cha mnyambuliko huleta kauli ya kutendeka. Iwapo kiambishi hicho kitachukuliwa kuwa *-ik-*, au kuwa *-k-* kwa kuwa kitenzi hiki cha mkopo huishia kwa irabu *i*, kazi yake haibadiliki. Kauli hii ina maana mbili zinazojulikana, ya hali na ya uwezekano:

(1) a. Kikombe kimevunjika.
b. Njia hii inapitika.

Tungo (1a) inaeleza hali iliyokwishafikiwa. Tungo (1b) inaeleza sifa ya njia, kwamba mtu akitaka kuipita ataweza. Jina la nchi ya Karama linabeba maana zote mbili. Ni nchi ambayo inaweza kusadikiwa, na pia ni nchi ambamo mambo yamekwisha kusadikiwa.

Sifa ya pili ya kauli hii ina uzito zaidi. Kauli ya kutendwa humruhusu mtenda atajwe kwa *na*, lakini kauli ya kutendeka haimpi nafasi. Alama ya nyota inaonyesha tungo isiyokubalika:

(2) a. Mlango ulifunguliwa na bawabu.
b. *Mlango ulifunguka na bawabu.

Katika (2a) bawabu anaweza kuulizwa kwa nini ameufungua mlango. Ukisemwa tu kuwa ulifunguka, hakuna wa kuulizwa. Nchi iliyopewa jina la umbo hili ni nchi ambamo habari husadikika bila ya kutajwa anayesadiki wala sababu ya kusadiki kwake. Hiyo ndiyo hali anayoikuta Karama. Mashtaka ya Majivuno yana nguvu kabla ya kuthibitishwa, kwa kuwa yametoka mahali pa juu.

Upatanisho wa kisarufi nao unaonyesha jinsi tendo lilivyogeuzwa kuwa mahali:

(3) a. Kusadikika kwa habari hii kunategemea ushahidi.
b. Kusadikika ina mfalme na washauri.

Katika (3a) neno lipo katika ngeli ya KU- kama vitenzi-jina vingine. Katika (3b) linafuata upatanisho wa *nchi*, kama inavyokuwa kwa Kenya au Tanzania. Tofauti hiyo ya kiambishi kimoja ndiyo kazi ya kwanza ya ujenzi katika kitabu hiki. Mwandishi aliirudia katika *Kufikirika*, kilichochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Inafaa kulinganisha na *Mzingile* ya Euphrase Kezilahabi (1991), ambayo jina lake ni nomino ya umbo linaloweza kuchorwa, njia zinazompoteza apitaye. Kezilahabi ameita kazi yake kwa jina la kitu, ilhali Shaaban Robert aliziita nchi zake kwa majina ya matendo ya akili.

3.0 Mipaka ya upepo, nyumba zisizoonekana

Nchi ya Kusadikika inaning'inia angani, na mipaka yake hutajwa kwa majina ya pepo. Jambo hili linaweza kuonekana kuwa pambo la njozi, lakini Kiswahili chenyewe kimekwisha kuandaa njia. Maneno *kaskazini* na *kusini* yametokana na *kaskazi* na *kusi*, pepo mbili za msimu zilizoendesha jahazi katika Bahari ya Hindi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takribani Desemba hadi Machi. Kusi hutawala miezi ya katikati ya mwaka. Msemaji wa Kiswahili anapotaja pande hizi mbili za dunia, tayari anataja upepo. Mwandishi amelichukua neno kwa maana yake ya asili na kulifanya ukuta.

Ukuta wa namna hiyo una tabia yake. Haupimwi wala haushikiki, na hauna jiwe la mpaka ambalo mtu angeweza kulionyesha. Nchi iliyozungukwa nao haiwezi kujitambulisha kwa ardhi, na kinachobaki cha kuitambulisha ni mwenendo wa watu wake na sheria wanazozifuata.

Hapa ulinganisho na *Al-Inkishafi* unasaidia. Katika utenzi huo msomaji huonyeshwa nyumba za matajiri wa Pate zilivyokuwa na taa na vyombo vya thamani, kisha huonyeshwa vidaka vya kutani vikiwa viota vya ndege na kumbi zikiwa makao ya popo. Hoja ya utenzi ni kwamba dunia haidumu, na hoja hiyo huhitaji majengo, kwa maana lazima kuwe na kitu kinachoporomoka. Pasipo vidaka, mazingatio hayo yangekosa ushahidi wa macho.

Hoja ya *Kusadikika* ni ya aina nyingine. Inauliza kama dhuluma inaweza kurekebishwa na wale wale wanaoitenda. Fahari ya nyumba isingeongeza chochote katika swali hilo, na pengine ingelifunika. Jumba lililoelezwa kwa urefu humfanya mwenye jumba aonekane mkubwa. Majivuno hapewi msaada huo. Ukubwa wake unatokana na cheo na maneno yake tu, na ndiyo sababu maneno ya mtu mwingine yanaweza kuupunguza.

4.0 Baraza: jengo na mkutano

Mahali panapobaki machoni pa msomaji ni pale kesi inaposikilizwa. Kiswahili kina neno linaloeleza vyema mahali pa namna hiyo: *baraza*. Katika miji ya mawe ya pwani, kama Lamu na Zanzibar, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa kando ya mlango wa nyumba, upande wa njia, ambapo wageni hukaribishwa na majirani huzungumza. Neno hilo hilo hutumika kwa mkutano wa watu wanaoshauriana, na leo kwa vyombo vya dola, kama Baraza la Mawaziri. Jengo na mazungumzo yanayofanyika juu yake yana jina moja.

Mkusanyiko unaomsikiliza Karama ni baraza kwa maana hii pana. Kabla ya kesi, baraza hilo lina watu lakini halina mazungumzo, kwani sauti huteremka kutoka juu na hairudi. Karama anapopewa nafasi ya kujitetea, hajibu shtaka kwa kukana tu. Anasimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini ili walete mafunzo ya kuitengeneza nchi, na namna walivyolipwa kifungo waliporudi. Hadithi ndani ya hadithi huwa ushahidi mahakamani.

Muundo huu una kinaya ambacho msomaji asiuache upite. Karama ameshtakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ienee. Baraza linapokubali kumsikiliza siku baada ya siku, linafanya jambo lile lile linalodai kuwa ni kosa: linampa mshtakiwa nafasi, linapima maelezo yake, na linasikia upande wa pili. Sheria imekwisha kufundishwa kabla ya hukumu kutolewa, na wanafunzi wake wa kwanza ni mfalme na washauri wenyewe. Tendo la kusadiki, ambalo katika jina la nchi halikuwa na mtenda, sasa limepata watenda wanaojulikana. Wamekaa barazani, wamesikia, na watawajibika kwa watakachokubali.

5.0 Gereza na wakazi wake

Jengo la pili la maana ni gereza, nalo pia hujulikana zaidi kwa waliomo kuliko kwa kuta zake. Wajumbe sita ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Ni kawaida kusema kuwa Shaaban Robert huwapa wahusika majina yanayoonyesha tabia zao. Kauli hiyo ni sahihi, lakini haitoshi hapa, kwa kuwa majina haya yakisomwa pamoja huwa orodha yenye mpango.

Buruhani ni ithibati, hoja iliyo wazi. Fadhili ni wema usiodai malipo. Kabuli ni itikio la kukubali, neno ambalo Waswahili hulisikia katika mkataba wa ndoa, pale upande mmoja unapolipokea tamko la mwingine. Auni ni msaada. Ridhaa ni kukubali kwa hiari, na Amini hubeba maana ya uaminifu. Ithibati, wema, itikio, msaada, hiari na uaminifu ni mambo ambayo bila ya hayo hakuna hukumu ya haki wala utawala unaokubaliwa na wanaotawaliwa. Kusadikika imeyafunga yote.

Linalohusu jina la nchi ni hatima ya Buruhani, aliyetumwa mashariki. Nchi inayoitwa kwa neno la kusadiki imeiweka ithibati gerezani. Ndiyo maana kusadiki kwake kumekuwa tupu: kitu husadikika kwa sababu ya msemaji, kwa kuwa hoja imefungiwa. Karama anaposhinda na wajumbe wakaachiliwa, jina la nchi halibadiliki, lakini maana yake inahama. Kilichosadikika kwa amri sasa kinaweza kusadikika kwa ithibati.

6.0 Fumbo la koloni na mipaka ya usomaji huo

Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Shaaban Robert alikuwa ametumikia serikali hiyo kama karani kwa miaka mingi. Usomaji unaoiona Kusadikika kuwa koloni lililofichwa ndani ya fumbo una msingi mzuri. Mwandishi aliyekuwa katika ajira ya watawala alikuwa na sababu ya kuipeleka nchi yake angani.

Hata hivyo, usomaji huo ukiachwa peke yake huifanya Kusadikika kuwa pazia tu, kitu cha kuondolewa ili Tanganyika ionekane. Kama ingekuwa hivyo, kitabu kingepoteza kazi yake Desemba 1961, uhuru ulipopatikana. Kinachokifanya kiendelee kusomeka ni kwamba kasoro zinazoelezwa humo hazikufungwa na rangi ya mtawala wala bendera yake. Serikali yoyote inayotuma wajumbe kutafuta mashauri kisha ikawaadhibu kwa mashauri waliyoyaleta imo ndani ya mipaka ile ya pepo.

Upande wa pili, usomaji huu una pingamizi lake. Marekebisho ya Kusadikika yanategemea mfalme akubali kusikiliza, na raia wa kawaida hawaonekani wakiyadai. Baraza limepata sikio, lakini halijapata wingi wa sauti. Hilo ni pungufu katika ramani ya mji huo, na linapaswa kutajwa pamoja na ubora wake.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kuwa ujenzi wa Kusadikika unafuata utaratibu unaoelezeka kiisimu. Kauli ya kutendeka imetoa jina lisilo na mtenda, pepo zilizomo ndani ya *kaskazini* na *kusini* zimetoa mipaka, maana mbili za *baraza* zinaeleza jengo lake kuu, na majina ya wajumbe yameeleza gereza. Mwanafunzi anayetakiwa kuieleza mandhari ya kitabu hiki hana haja ya kuandika kwamba mwandishi ameipuuza. Aanze kwa kuuliza nani anaruhusiwa kusema katika nchi hii, mbele ya nani, na nani yumo kifungoni kwa kuwa alisema. Majibu yake ndiyo nyumba na mitaa ya Kusadikika.