Hifadhidata Yako Imelala Wapi? (Sehemu ya Nne)

Habari za mpaka wa Goma zimejaa redioni tena, na sisi wa Rubavu tunazungumzia watu, unga na mboga zinazovuka kwenye kivuko cha Petite Barrière, kati ya Rwanda na Kongo. Kuna mzigo mwingine unaoweza kuvuka bila mtu kuuulizia: data iliyomo kwenye kompyuta za vijana wetu wanaoandika programu.

Zamani suala la data kuvuka mpaka halikuwa na mjadala. Mwaka 1956 IBM ilitoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya sumaku. Kabati lake lilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, na uzito wake ulikaribia tani moja. Pamoja na ukubwa wote huo, lilihifadhi herufi milioni 5 tu! Aliyetaka kuiba orodha ya wateja alihitaji lori. Leo orodha hiyo inaingia kwenye flashi, na flashi inaingia mfukoni.

Serikali ya Rwanda iliiona hatari hii mapema. Mwaka 2017 RURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma, iliitoza kampuni ya simu ya MTN Rwanda faini ya zaidi ya faranga bilioni 7 kwa kuendesha mifumo yake kutoka Uganda. Kisha Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 ikaagiza taarifa binafsi zihifadhiwe Rwanda, isipokuwa kwa kibali. Kampuni kubwa zinajua hayo. Mwanafunzi anayenakili daftari la wagonjwa ili ajaribie programu yake hajali, na hilo linaniudhi sana. Mgonjwa hakutoa jina lake lifanyiwe mazoezi.

Sasa, ili ujue data yako mwenyewe imelala wapi, turudi kwenye mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL tuliousimika toleo lililopita. Kwenye Ubuntu mafaili yake hukaa ndani ya /var/lib/postgresql; andika SHOW data_directory; uone mwenyewe. Ukitaka kuyahamisha, simamisha seva kwanza, nakili folda, rekebisha mstari wa data_directory katika postgresql.conf, ndipo uiwashe. Mmiliki awe mtumiaji postgres, ruhusa iwe 700. Ukiwafungulia wote, seva itagoma kuwaka. Usiyaweke kwenye folda ya mradi unaoupeleka GitHub, wala kwenye folda ya Google Drive: seva huyaandika muda wote, na nakala iliyochukuliwa katikati ya kazi haitegemeki.

Vijana wangu, kabla hamjavuka tena kwenda Goma, futeni majina halisi yaliyomo kwenye kompyuta zenu. Toleo lijalo tutatunga pamoja wateja 1,000 wa kubuni.