Afrika Kusini yatafuta mizani katika kamari ya intaneti

Kila mwaka, mwezi wa Julai, maelfu ya watu huelekea uwanja wa Greyville mjini Durban kutazama mbio za farasi za Durban July, zilizoanza mwaka 1897. Tangu mwaka 2022 mbio hizo hubeba jina la Hollywoodbets, kampuni ya kupokea dau yenye chimbuko lake mjini humo. Uwanja wa raga wa Kings Park nao ulipewa jina hilo mwaka 2023.

Nguvu hiyo ya kifedha imekua chini ya sheria yenye utata. Sheria ya kamari ya mwaka 2004 inaruhusu kuweka dau kwa intaneti juu ya mechi na farasi, kwa leseni ya mkoa, lakini inakataza kasino za intaneti. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha marekebisho ya kuzipa leseni kasino hizo. Marekebisho hayo hayakuwahi kuanza kutumika.

Ndipo baadhi ya kampuni zikapata mwanya. Hudai kwamba gurudumu la ruleti likizunguka ni tukio kama mechi, na kwamba mteja anatabiri matokeo tu. Hoja hiyo huwafurahisha zaidi wanasheria, kwani kijana wa Umlazi mwenye simu mkononi haoni tofauti yoyote.

Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Rufaa, katika kesi ya kasino ya Piggs Peak ya nchini Swaziland, sasa Eswatini, iliamua kwamba kamari huchezwa pale alipo mchezaji, hata kama kompyuta ziko nchi nyingine. Lakini kuzifikia tovuti zilizo ng'ambo ni kazi ngumu.

Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 waendeshaji wa kamari nchini walibaki na randi bilioni 59.3 baada ya kuwalipa washindi. Zaidi ya nusu zilitokana na dau, si kasino kama ile ya Suncoast, ufukweni Durban.

Novemba 2025 Hazina ya Taifa ilipendekeza kodi ya asilimia 20 juu ya mapato ya kamari ya intaneti, ikiongezwa kwenye kodi za mikoa. Ilisema shabaha kuu ni kupunguza madhara, si kukusanya fedha, ingawa ilikadiria kupata zaidi ya randi bilioni 10. Kauli hiyo inahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu serikali ikishazoea mapato hayo huenda isifurahie kuona wachezaji wakipungua.

Kenya inatoa mfano wa upande wa pili. Mwaka 2019, katika mvutano juu ya kodi na leseni, SportPesa ilisitisha shughuli zake, na klabu za Gor Mahia na AFC Leopards zikapoteza mdhamini.

Nchini Afrika Kusini, huduma ya simu ya bure kwa walionaswa na uraibu hugharamiwa kwa michango ya kampuni za kamari zenye leseni. Tovuti za ng'ambo hazichangii kitu.