Fomu ya "Nakubali" Haitawakinga

Swali hili huniletea mwenye shule, meneja wa hoteli, daktari mwenye kliniki yake: "Wakili, mteja akishatia saini fomu ya ridhaa, si tumemaliza?" Hapana. Hamjamaliza, na huenda hiyo fomu ndiyo itakayosomwa mbele ya Kamishna wa Data kuwaumbua.

Fomu yenyewe naijua hata kabla sijaletewa. Juu kuna jina, nambari ya simu na ya kitambulisho. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, sentensi moja: nakubali taarifa zangu zitumike kwa shughuli zote za kampuni na washirika wake. Kisha nafasi ya saini. Aliyeiandika aliinakili kwa jirani, naye jirani kwa mwingine. Nimewahi kuona ya kliniki inayotaja "abiria".

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya 2019, inataka ridhaa iwe ya hiari, ya jambo mahususi, ya mtu aliyeelezwa anachokikubali. "Shughuli zote" si jambo mahususi. Na mgonjwa asiyeruhusiwa kumwona daktari mpaka akubali kutumiwa matangazo, hiari yake iko wapi? Kifungu cha 32 kinawabana zaidi: mzigo wa kuthibitisha ridhaa ni wenu, na mteja anaweza kuiondoa wakati wowote apendao.

Mnaonibishia, tazameni kampuni ya sarafu za kidijitali, Worldcoin. Mwaka 2023 watu walifurika jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi, mboni zao zikapigwa picha, wakapewa sarafu zake za takriban shilingi 7,000. Walikubali? Walikubali, tena kwa kusukumana. Mei 2025 Mahakama Kuu ikasema ridhaa iliyopatikana kwa kushawishiwa namna hiyo si halali, ikaamuru data ile ifutwe ndani ya siku 7. Foleni yote ile ya waliosema ndiyo haikuifaa kampuni kitu.

Ndugu wa fomu hii ni lile bango la mlangoni: ukiingia humu umekubali kupigwa picha. Septemba 2023 klabu ya Casa Vera ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni, bila idhini yake, picha ya mteja aliyekuja kujiburudisha. Roma School ya Uthiru ilitozwa 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotolewa bila wazazi kuridhia. Siku hizohizo mkopeshaji wa mtandaoni, Mulla Pride, akapigwa 2,975,000 kwa kuwasumbua watu kwa simu na jumbe za vitisho, nambari zao akiwa amezipata kwa watu wengine. Aliyekopa anaweza kukubali kwa niaba yake mwenyewe. Kwa niaba ya shangazi yake aliyemo kwenye simu, hawezi. Enzi ya ofisi ya Kamishna wa Data kusajili tu na kutoa vyeti imekwisha. Sasa inasoma fomu zenu, inatoza faini na kuagiza walioumizwa walipwe fidia.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba mara nyingi ridhaa hata haihitajiki. Kumkata mfanyakazi kodi kunatakiwa na sheria. Anwani ya kupelekea mzigo inatokana na mkataba. Kamera ya mlangoni ina msingi wa maslahi halali, mradi isielekezwe msalani. Mkimwomba mfanyakazi ridhaa ya kupeleka PIN yake ya kodi kwa Mamlaka ya Mapato (KRA), kesho akiiondoa mtafanya nini?

Basi, upesi. Andikeni ukurasa mmoja: tunachukua taarifa gani, kwa nini, kwa msingi upi, nani anaziona, zinafutwa lini. Isiyo na jibu, acheni kuikusanya. Ridhaa iacheni kwa matangazo na picha, kila moja na kisanduku chake kisichotiwa alama mapema, na njia rahisi ya kujitoa. Ya mtoto hutolewa na mzazi. Wekeni mkataba na anayewatumia SMS za jumla na anayewaandalia mishahara. Mwenye mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 amesamehewa usajili, lakini si shule, kliniki, hoteli, wakopeshaji wala wasafirishaji. Mwenye tawi Arusha ajue kuwa cheti cha Nairobi hakivuki mpaka wa Namanga: Tanzania ina sheria yake, inayotumika tangu 1 Mei 2023, na Tume yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lile daftari la wageni getini, ambalo kila anayeingia anasoma nambari za waliomtangulia, liondoeni. Mteja akiomba nakala ya taarifa zake, mpeni ndani ya siku 7. Data ikivuja, mna saa 72 tangu mjue kumwarifu Kamishna. Msinipigie ya 71.