Umeme wa Angani na Hesabu za Darasani

Wahenga walinena kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Lele ya chombo cha angani ni hesabu, nayo huanza miaka mingi kabla ya roketi kuwashwa.

Tutazame mfano wa Rosetta, chombo kilichorushwa na Shirika la Anga za Juu la Ulaya mwezi Machi 2004 kuifuata nyotamkia iitwayo 67P/Churyumov-Gerasimenko. Kilitegemea umeme wa jua, kwa paneli zenye eneo la mita 64 za mraba. Ilhali njia yake ilikipeleka takriban kilomita milioni 800 kutoka kwenye jua, zaidi ya mara 5 ya umbali wa dunia. Mwanafunzi wa fizikia ajua maana yake: umbali ukizidi mara 5, mwangaza hupungua mara 25.

Lakini kugawanya kwa 25 hakutoshi. Mkondo wa umeme hufuata mwangaza, bali volti hupanda seli zinapopoa. Mnururisho wa angani nao huzichakaza seli mwaka baada ya mwaka. Tena seli zikiungwa kwa mfululizo, moja ikiingia kivulini huzibania nyingine mkondo. Yote haya hutiwa kwenye tarakilishi kwa pamoja, ikokotoe wati zitakazopatikana katika kila hatua ya safari. Kwa Rosetta jibu lilikuwa chungu: huko mbali umeme usingetosha kuendesha chombo kizima. Hivyo kililazwa Juni 2011, kikaamka Januari 20, 2014, baada ya siku 957.

Novemba mwaka huo, chombo kidogo kilichobebwa na Rosetta, Philae, kilitua juu ya nyotamkia, kikadunda na kuishia kivulini. Paneli zake zilikosa jua la kutosha, na betri zikaisha baada ya siku mbili na ushei. Kanuni za hesabu hazikuvunjika. Mahali palipokusudiwa sipo kilipotulia. Tarakilishi ni kama mpishi: hupika alicholetewa.

Hapo pana funzo kwa walimu wetu. Wanafunzi wengi hukariri kwamba wati ni volti mara mkondo, wakaiandika kanuni hiyo katika mtihani na kuisahau. Mbona wasitabiri kwanza? Paneli ndogo juu ya paa la shule yatosha. Wakadirie umeme wa saa mbili asubuhi, wa adhuhuri, na wa wakati kivuli cha mti kinapofunika pembe moja, kisha wapime. Pengo kati ya makadirio na kipimo ndilo litakalowafunza. Atakayeweza kulieleza pengo hilo atakuwa ameianza kazi ileile iliyokiwezesha chombo kulala miezi 31 na kuamka.