Nilivyoileta bahari Kapsokwony

Mtu akikuambia kwamba huku Kapsokwony, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, kuna nyumba yenye samaki wa baharini walio hai, bila shaka utamcheka. Kutoka hapa hadi Mombasa ni mwendo wa karibu kilomita 900. Sisi ni watu wa ng'ombe, asali na mahindi, na samaki tunayemjua zaidi ni omena mkavu anayepimwa kwa mkebe sokoni, naye hutoka Ziwa Viktoria ambako maji hayana chumvi. Hata hivyo, msomaji, nyumba hiyo ipo, na mwenye wazimu huo ni mimi.

Chanzo cha mambo yote haya ni nyanya yangu. Nilifanya kazi Mombasa kwa miaka mingi, na kila niliporudi nyumbani kwa likizo aliniuliza habari za bahari. Nilimwonyesha picha, akazitazama kwa adabu kisha akanirudishia. "Hiyo ni karatasi," alisema. "Mimi nataka kujua maji yasiyonyweka yanamweka mnyama hai kwa namna gani." Nilipoacha kazi na kurudi kabisa, miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu, na safari ya siku nzima garini haikufikirika tena. Basi nikamwahidi kwamba kama yeye hawezi kuifuata bahari, bahari itamfuata yeye. Ahadi kwa mtu wa umri ule si mchezo, maana hujui una muda gani wa kuitimiza.

Nilianza na tangi. Fundi wa vioo mjini Kitale alinitengenezea moja la urefu wa sentimita 90, upana 40 na kimo 40, akaliunganisha kwa gundi ya silikoni. Ukiacha nafasi juu na ukitoa mahali pa mawe, linachukua maji lita 120 hivi. Wengi husahau kwamba lita moja ni kilo moja na zaidi, kwa hiyo meza ya kawaida ya sebuleni haifai. Yangu niliipigilia miguu sita ya mbao nene, na bado mke wangu hapiti karibu nayo akiwa na mtoto.

Kisha likaja suala la chumvi, na hapo wazee walinivamia. Mmoja aliniuliza kwa nini nitoe pesa kununua chumvi ilhali mlima wetu umejaa. Hakuwa akisema upuuzi. Upande wa Endebess, ndani ya mbuga ya Mlima Elgon, kuna mapango ya Kitum, Makingeny na Chepnyalil. Tembo huingia pango la Kitum usiku, katika giza totoro, wakipapasa njia kwa mikonga yao hadi ndani kabisa, wakayachimba mawe kwa pembe zao na kuyatafuna kwa ajili ya chumvi. Watu wa mlima huu pia walichimba udongo wa mapango kwa ajili ya mifugo yao tangu zamani. Nyanya mwenyewe anaikumbuka ladha yake.

Lakini chumvi hiyo kwa sehemu kubwa ni salfeti ya sodiamu, ambayo si ile ya bahari. Na chumvi ya jikoni je? Nyingi tunayokula Kenya hutoka baharini kwa kweli, katika mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako maji hukaushwa na jua. Ila chumvi inapojitenga na maji, magnesi na madini mengine mengi hubaki nyuma, kisha kiwandani huongezwa iodini. Samaki akitiwa katika maji ya chumvi ya jikoni ni kama mtoto anayelishwa ugali mtupu bila mboga wala maziwa. Hana budi kupata madini yote. Kwa hiyo niliagiza Nairobi chumvi maalum iliyochanganywa kwa kazi hii. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, nami nikapima kilo 4 na gramu 200 nikazikoroga katika maji ya mvua. Mvua ya kwanza niliiacha ioshe mabati. Kifaa cha kupimia uzito wa maji kiliposimama kwenye 1.025, nilimwita Nyanya. Alichovya kidole, akaonja, akatema. "Si kama ya pangoni," alisema. "Hii ni kali zaidi."

Sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo sitaki mwingine alirudie. Maji yalikuwa meupe kama kioo, hita imeyapasha hadi digrii 26, pampu inapiga mapovu, na mimi nina haraka. Siku ya tatu tu rafiki yangu aliyekuwa anapanda bara aliniletea samaki mdogo mweusi mwenye madoa matatu meupe, aina ambayo wafugaji husifu kwa ugumu wake. Alisafiri katika mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni, ndani ya sanduku lisilopitisha joto, kwa basi hadi Nairobi, basi jingine hadi Kitale, na matatu hadi hapa. Alifika hai. Nyanya aliletewa kiti, akakaa mbele ya tangi alasiri nzima bila kusema neno. Siku ya tano asubuhi samaki alikuwa analala upande, mashavu yakienda mbio. Kabla ya saa sita alikuwa amekufa.

Nilitarajia kuchekwa. Nyanya hakucheka. Aliniuliza, "Huyu alikuwa na wenzake huko?" Nikamjibu kwamba alikuwa nao. "Basi umemtoa kwa watu wake ukamleta afe ugenini. Ulimfanyia haraka ya nini, mjukuu wangu?" Maneno hayo yalinikaa kooni kwa majuma mawili. Nilitaka kulivunja tangi lile nilifanye dirisha.

Sababu ya kifo niliijua baadaye, nami nitaieleza kwa urefu kidogo maana ndiyo kiini cha ufugaji huu. Samaki hutoa amonia katika maji yale yale anayovuta pumzi. Baharini sumu hiyo hupotea mara moja kwa wingi wa maji. Ndani ya tangi haina pa kwenda, isipokuwa pawepo bakteria wa kuila. Kuna aina inayoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na aina nyingine inayoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha maji kiasi kila baada ya muda. Bakteria hao hawanunuliwi kwa pupa. Huota polepole juu ya mawe na mchanga, na kwa kawaida huchukua majuma manne hadi sita kuwa jeshi la kutosha. Tangi langu lilikuwa safi mno, na usafi huo ndio uliomwua samaki wangu.

Wengine huwalisha bakteria hao kwa kipande cha kamba mbichi. Kapsokwony kamba atatoka wapi? Nilitia omena watatu kutoka sokoni na kuwaacha waoze. Harufu yake siielezi. Jirani mmoja alikuja kuuliza kwa upole kama kuna panya aliyekufia darini. Nilipima maji kila jioni kwa dawa za kubadilisha rangi, nikaona amonia ikipanda, ikashuka, naitraiti ikapanda nayo ikashuka. Juma la sita zote mbili zilikuwa sufuri. Hapo katikati nilifanya kosa jingine dogo: maji yalipopungua kwa mvuke, niliongeza maji ya chumvi. Mvuke hauchukui chumvi, kwa hiyo tangi likazidi kuwa kali. Yaliyopungua kwa mvuke hujaziwa kwa maji matamu.

Nikiwa nangoja nilisoma. Nikagundua kwamba wazimu wangu una mababu. Mwaka 1846 bibi mmoja Mwingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay akayafuga London. Hakuwa na pampu, kwa hiyo kijakazi wake alikuwa akiyamimina maji huku na huku mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa. Miaka saba baadaye, mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichoeneza neno akwariamu. Nilimhurumia yule kijakazi, bila kujua kwamba zamu yangu inakuja.

Samaki wa pili walikuwa wawili, wadogo, wa kahawia iliyokoza na mapezi ya manjano, kila mmoja na mistari miwili myeupe. Ni jamii ya samaki wa pwani yetu ambao huishi ndani ya mnyama laini anayefanana na ua, mwenye mikono mingi inayowasha. Katika tangi wanaweza kuishi bila yeye. Niliwapata kwa mfanyabiashara mwenye leseni, ambaye wapiga mbizi wake huvua kwa nyavu za mkono nje ya mbuga za baharini. Ndani ya mbuga kama za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, uvuvi wa namna yoyote ni marufuku. Niliuelea mfuko juu ya maji ili joto lilingane, kisha nikawaongezea maji ya tangi kikombe kimoja kimoja kwa muda wa saa nzima. Nyanya alisimamia. "Pole pole," alinikumbusha, kana kwamba namwogesha mtoto mchanga.

Samaki hawa huzaliwa wote wakiwa madume. Aliye mkubwa katika kundi hugeuka kuwa jike, na jike akifa, dume wake hugeuka kushika nafasi yake. Nilipomweleza Nyanya, alifikiri kidogo kisha akasema kwamba katika ukoo wetu pia kuna boma ambalo mambo yalikwenda hivyo mzee alipofariki, ila hakutaka kulitaja.

Mwezi wa pili ikaja mvua ya mawe na stima ikapotea saa mbili usiku. Usiku wa huku ni baridi. Kufikia saa sita kipimajoto kilikuwa kimeshuka hadi 22, na pampu kimya. Mlimani hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni kidogo kuliko pwani, hivyo hatari ilikuwa mbili kwa pamoja. Tulilizungushia tangi mablanketi. Mke wangu alichemsha maji kwa kuni, tukayatia katika chupa za plastiki na kuzielekeza humo moja baada ya nyingine. Mimi nilishika jagi, nikawa nachota na kumimina, nachota na kumimina. Nyanya alikataa kwenda kulala. Alishika taa na kutuambia wale samaki wako pembe gani na kama mashavu yao yanakwenda. Mara moja alisema kwa sauti ndogo, "Hawa wasife." Stima ilirudi saa kumi na nusu alfajiri. Samaki walikuwa wamebanana pembeni, lakini wima.

Hiyo ni miezi mingi iliyopita. Mkubwa sasa ni jike dhahiri na humfukuza mwenzake kila chakula kinapoanguka, jambo linalomfurahisha Nyanya kupita kiasi. Anataka niongeze wa tatu, mweusi mwenye madoa matatu, kama yule wa kwanza. Nimemweleza kwamba aina hiyo ikikua huwa na ugomvi na lita 120 hazitawatosha. Tangu Jumapili hanisemeshi, ila kila asubuhi anaomba kiti chake kisogezwe pale pale.