Ugonjwa Usiobisha Hodi

Leo nataka kusema na akina baba juu ya shinikizo la damu, ugonjwa ambao wengi huuita presha.

Ugonjwa huu haubishi hodi. Mtu aweza kulima shamba na kuimba kanisani, kumbe damu yake inasukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Miaka ikipita mishipa huharibika. Kisha moyo hudhoofika, figo hushindwa kazi, au mtu hupooza upande mmoja. Basi, ndugu yangu, usingoje maumivu. Nenda zahanati ukapimwe. Mkono hufungwa kitambaa dakika chache tu. Kipimo kikifika 140 juu ya 90 au zaidi, na siku nyingine kikawa vivyo hivyo, hiyo ni presha.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo tayari katika vyakula. Acha tumbaku na pombe. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kila juma.

Ukipewa vidonge, usiviache kwa sababu umejisikia vizuri. Huenda ni hivyo vinavyoizuia presha isipande. Wengine hudhani kumeza dawa ni upungufu wa imani. Lakini Luka, aliyesafiri pamoja na Mtume Paulo, alikuwa tabibu. Maombi na dawa havigombani.

Baba, jamaa yako yakutegemea. Juma hili nenda ukapimwe. Mungu awabariki.