Surat Al-Mutaffifin na mizani ya ufuta

Msimu mmoja wa ufuta, shangazi yangu wa huku Kilwa alipima gunia lake nyumbani kwa mizani ya kuazima, likasoma kilo 72. Akaja mnunuzi wa mtaani na mizani yake mwenyewe, na gunia lilelile likasoma 67. Shangazi hakugombana naye. Alikuwa na mahitaji ya shule ya mtoto na Jumatatu ilikuwa inakaribia. Akapokea fedha akaingia ndani. Jioni nilimkuta na Juzuu Amma mkononi, amefungua sura ya 83.

Wasikilizaji wengi wanaijua sura hiyo kwa sauti tangu chuoni. Maana yake ndiyo tunayoulizwa mara kwa mara, hasa mizani zinapoanza kutoka mastoo.

Jina lake, Al-Mutaffifin, kwa kawaida hutafsiriwa "wapunjaji" au "wanaopunguza vipimo". Lakini neno lenyewe la Kiarabu linatokana na asili yenye maana ya kitu kidogo, kisicho na thamani kubwa. Hapo ndipo penye uzito. Anayesemwa si jambazi wa kuvunja ghala. Ni mtu anayemega kiganja kimoja cha mchele, nusu kilo ya pweza, vidole viwili vya mafuta ya kula, kiasi ambacho mnunuzi hatakiona au ataona aibu kukidai. Sisi husema haba na haba hujaza kibaba. Mpunjaji naye anaijua hesabu hiyo, ila anajaza kibaba chake kwa haba za wenzake.

Aya tatu za mwanzo zinamweleza mtu huyo kwa ufupi sana. Anapopokea kutoka kwa watu, anataka kipimo kijae. Anapowapimia wao, anapunguza. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wake ni wabaya mno katika vipimo, na sura hii iliposhuka wakajirekebisha. Wapo wanazuoni wanaosema ilishuka Makka. Vyovyote iwavyo, iliwakuta watu walio sokoni.

Huku kwetu soko hilo tunalijua. Lumbesa, lile gunia lililoshonewa kichwa juu ya kichwa, linamlipa mkulima bei ya gunia moja kwa mzigo wa gunia na zaidi. Kangomba nayo: korosho zinanunuliwa nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kwa bakuli au kopo badala ya mizani, kwa mtu aliyebanwa na njaa au ugonjwa kabla mnada haujafika. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliletwa kwa sababu kama hizo, ili mzigo upimwe kwenye chama cha msingi na ghalani kisha uuzwe kwa mnada. Na Wakala wa Vipimo anatakiwa kuhakiki mizani za biashara na kuzibandika stika. Iangalie kabla hujashusha gunia.

Lakini niwe mkweli, maana nimetoka kwenye familia ya wakulima. Mchanga unaokutwa chini ya gunia la ufuta haukutiwa na mnunuzi. Korosho zilizomwagiwa maji ili zizidi uzito nazo zinatoka mashambani kwetu. Aya haikutaja mnunuzi wala muuzaji. Imetaja mwenye vipimo viwili. Na haikuishia kwenye mizani. Katika Muwatta ya Imam Malik imo habari ya Sayyidna Umar kukutana na mtu ambaye hakuonekana kwenye sala ya alasiri. Yule mtu akatoa udhuru, na Umar akamwambia kuwa amejipunja, kwa neno hilohilo la sura hii. Kwa hiyo mfanyakazi anayedai mshahara kamili lakini anafika kazini saa nne, nasi watangazaji tukiwemo, asidhani sura inamzungumzia muuza sukari peke yake.

Katikati ya sura zimo habari za Sijjin na Illiyyin, yaani kuandikwa kwa matendo ya waovu na ya wema, na mwishoni wamo wale waliokuwa wakiwacheka waumini, siku ambayo kicheko kitageuka. Mimi hukwama zaidi kwenye aya ya 14. Inasema nyoyo zao zimeingia kutu kwa waliyokuwa wakiyachuma. Sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa kutu. Bati jipya la Kivinje linaanza kwa nukta moja pembeni ya msumari, hakuna anayejali, na miaka michache baadaye mvua inaingia ndani. Hadithi inayoieleza aya hii inataja nukta hivyohivyo: dhambi moja, nukta moja moyoni, ikifutwa kwa toba moyo unang'aa, ikirudiwa inaenea.

Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 aliandika habari za ucha Mungu na ukarimu wa sultani wake. Dhahabu ya Sofala ilikuwa ikipita hapa. Mji ule uliishi kwa biashara, na biashara ile iliishi kwa mizani.

Tulipozungumzia sura hii hewani, mzee mmoja aliyekuwa na duka zamani alituuliza swali lililonyamazisha studio: aliowapunja wengine wamekufa, wengine hawajui walipo, afanye nini? Sheikh aliyekuwa mgeni wetu alimjibu kwamba haki ya mtu haifutwi kwa istighfari peke yake. Walio hai awarudishie au awaombe radhi. Waliokufa awape warithi wao. Asiowajua walipo akadirie kiasi na akitoe sadaka kwa niaba yao. Mzee alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama anaweza kuanza na kilo za sukari badala ya fedha, kwa sababu sukari ndiyo aliyoipunguza.